Nikisema yote mwenyewe kwenye video, nani atanitisha tena?

*"Nina miaka 26. Nilizaliwa Mombasa, sasa naishi Nairobi na ninafanya kazi saluni. Mimi ni mwanamke transijenda, yaani nilipozaliwa niliandikwa mvulana. Mama anajua na tunaongea. Kaka zangu wawili hawajui, wanaona tu kwamba siendi nyumbani. Nataka kufungua chaneli ya video kwa Kiswahili, nifundishe kupaka vipodozi na nisimulie maisha yangu, kwa sababu nilipokuwa na miaka 15 nilitafuta mtu mmoja tu wa kufanana nami anayeongea lugha yangu, nikaambulia Wamarekani. Rafiki mmoja anasema nianze na video ya picha zangu za zamani na za sasa, ndiyo itakayotazamwa. Mwingine anasema nisithubutu kuonyesha uso. Yuko pia mtu niliyesoma naye ambaye ameshaniandikia mara mbili akidai pesa ili asinianike. Najiambia: NikkieTutorials naye alitishwa, akasema yote mwenyewe, yakaisha. Nikisema yote mwenyewe, si hatabaki mtu wa kunitisha? Na mambo yakiharibika, si nitazifuta tu video zangu?"*

Dada yangu,

Nimekuita dada kwa sababu umeandika kwamba wewe ni mwanamke, na neno hilo nitalirudia huko mbele, maana katika lugha yetu lina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kazi yangu ni kufundisha watu kupiga na kuhariri video, na kuwafundisha jinsi ya kujilinda video ikishatoka. Maswali ya taa, vipodozi na chaneli nimeyazoea. Lakini katikati ya barua yako umepitisha sentensi moja haraka haraka, kana kwamba ni jambo la kando: kuna mtu anakudai pesa. Nitaanzia hapo, kwa sababu nikikujibu mengine nikaliacha hilo, nitakuwa nimekusaidia kukimbia kwa mwendo anaoutaka yeye.

Kisa cha Nikkie de Jager, huyo NikkieTutorials, unakijua nusu. Mholanzi huyo alianza kuweka video za vipodozi YouTube mwaka 2008, akiwa bado binti wa shule. Alipojitokeza kuwa ni transijenda, tarehe 13 Januari 2020, alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 12, waliokwisha kumjua kwa ufundi wa mkono wake kwa miaka zaidi ya 10. Alikuwa na kipato chake. Mama yake alikuwa upande wake tangu utotoni. Na hata akiwa na ngao zote hizo, alisema wazi ndani ya video ile kwamba alitamani kulisema kwa wakati wake mwenyewe, na kwamba nafasi hiyo alinyang'anywa. Mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa watangazaji wa mashindano ya Eurovision kule Rotterdam, na watu wengi wanakumbuka mwisho huo mzuri. Wewe unataka kuanzia pale alipofikia yeye. Huna bado wafuasi, una chumba cha kupanga, una kiti kwenye saluni ya mtu mwingine, na una kaka wawili ambao hawajui.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: ukisema yote mwenyewe, siri inakwisha, lakini vitisho vinaweza kubaki. Anayekudai ana vitu zaidi ya siri. Anajua jina uliloliacha, shule uliyosoma, pengine mtaa wenu wa Mombasa na namba za simu za kaka zako. Siku utakapojitangaza, "nitasema" inaweza kugeuka kuwa "nitamwambia mwenye nyumba", au "nitawatumia kaka zako kipande cha video yako, nikikate ninavyotaka." Kujitangaza kunaweza kuwa jambo jema sana maishani mwako, nimeona kukiwafungua watu. Ninachokuomba ni usikufanye kwa sababu ya mtu huyu na kwa tarehe aliyoiweka yeye.

Usimlipe hata shilingi. Aliyelipwa mara moja ameshajua kwamba unalipa. Usibishane naye, wala usifute jumbe zake kwa hasira. Zipige picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na maneno yote, kisha weka nakala mahali pengine nje ya simu yako. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai Kenya tangu zamani, na sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 imeongeza makosa ya kumsumbua mtu mtandaoni na kusambaza picha zake za faragha. Lakini usiende kituo cha polisi peke yako. Nenda kwanza kwa wakili. Nairobi wapo wanaotoa msaada wa kisheria kwa watu wenye hali kama yako. Mmojawapo ni shirika la haki za binadamu la NGLHRC, ambalo Mahakama ya Juu ilithibitisha haki yake ya kusajiliwa mnamo Februari 2023. Lipo pia Jinsiangu, ambalo kazi yake hasa ni watu transijenda na huntha. Kaa na mtu, ana kwa ana, mpange hatua kabla hujapakia video yoyote. Katika barua yako yote hili ndilo lisiloweza kusubiri.

Ujue pia sheria ilivyo, ili mtu asikutie hofu isiyokuwepo. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kuwa transijenda ni kosa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinahusu matendo ya kimwili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, na mwaka huohuo ikaamuru shirika alilokuwa akiliongoza lisajiliwe. Jirani mwenye chuki hatakusomea hukumu hizo, na askari wa zamu huenda hajawahi kuzisikia, lakini wakili wako atakuwa nazo mkononi. Nimemtaja Audrey kwa sababu nyingine pia. Kesi yake tuliijua kupitia magazeti na runinga, na vichwa vya habari viliandikwa na watu wengine. Wewe unataka kushika kamera mwenyewe, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Ndiyo maana nataka ulifanye polepole.

Sasa suala la kufuta. Kuna jambo lililoripotiwa mwaka 2017 ambalo huwasimulia wanafunzi wangu wote, hata wale wanaopiga video za mapishi. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha North Carolina Wilmington, Marekani, alikuwa amekusanya video za YouTube za watu transijenda 38, zile ambazo mtu anajirekodi mwezi baada ya mwezi tangu aanze homoni, ili kupima kama mashine za kutambua nyuso zinaweza kumtambua mtu yuleyule uso wake unapobadilika. Video zile ziliwekwa na wenyewe ili kuwatia moyo wenzao. Baadhi yao walikuja kushangaa kwamba nyuso zao zimetumika kwenye utafiti wasioombwa ridhaa. Na huyo alikuwa msomi mwenye jina na ofisi. Fikiria asiye na jina: mtu mmoja akirekodi skrini yake saa ya kwanza, kufuta kwako saa ya pili kumechelewa. Kwa hiyo kabla ya kupakia chochote jiulize kama ungeridhika kionekane miaka 10 ijayo, bila maelezo yako, kwenye simu ya mtu asiyekupenda. Kikishindwa mtihani huo, kibaki kwenye simu yako.

Nije kwa rafiki yako wa picha za zamani na za sasa. Hakosei kuhusu watazamaji. Aina hiyo ya video ina historia, na historia yenyewe ni ya heshima. Tangu mwaka 2009 hivi kijana wa Kimarekani aitwaye Skylar Kergil alikuwa akijirekodi kila baada ya muda tangu alipoanza testosteroni, homoni ya kiume: sauti ilivyokuwa, sauti ilivyo leo, ndevu za kwanza. Wengi wakafuata. Wakati ule mtu kama yeye alipokosa daktari wa kumweleza nini kitatokea, video hizo ndizo zilizokuwa daftari la pamoja. Kule Canada Gigi Gorgeous, uliyemtazama bila shaka, alikuwa na watazamaji wa vipodozi tangu 2008, akajitokeza mwaka 2013 mbele ya watu walewale. Video hizo ziliokoa watu na upweke, na siwezi kuzidharau.

Lakini tazama jinsi mfumo wa mapendekezo unavyofanya kazi. Video mpya hupelekwa kwanza kwa kikundi kidogo cha watu. Wakiibofya na kukaa nayo, inapelekwa kwa wengine wanaofanana nao kwa tabia. Mfumo hauulizi mtu amebofya kwa upendo au kwa kejeli, unaona tu kwamba amebofya na amekaa. Picha mbili za uso mmoja, ya kale na ya leo, hubofywa na kila mtu: mwenzako anayetafuta matumaini, mdadisi, na yule anayekuja kutukana. Wote wanahesabiwa sawa. Na kwa kuwa hiyo ndiyo video yako ya kwanza, chaneli yako inaanza kujulikana kwa watazamaji wa namna hiyo. Siku ukiweka somo la wanja, wao ndio watakaoonyeshwa, nao hawataki wanja. Wataacha kutazama, mfumo utadhani somo lako ni baya, nawe utajikuta unarudi kwenye picha za zamani ili uonekane tena. Nimewaona watu wakinaswa humo hadi wakajichukia.

Kuna hasara nyingine kwa upande wako hasa. Picha yako ya zamani ndiyo kiungo kikubwa kati ya uso wako wa sasa na watu waliokujua shuleni. Huyo anayekutisha anahitaji kiungo hicho. Usimpe bure.

Na kuna hoja ya tatu, hii ni yangu mwenyewe na unaweza kuikataa. Mtazamaji akipewa picha mbili anakuwa hakimu. Anakagua taya, mabega, koo. Unamwalika akuamue kama "umefaulu". Wewe umeniandikia kwamba unataka binti wa miaka 15 amwone mtu wa kufanana naye akiongea Kiswahili. Binti huyo anahitaji kukuona ukiwa kazini, ukicheka na wateja, ukieleza kwa nini poda ya rangi isiyo yako inakupausha uso, ukisema Jumapili hii mama amepika nini. Haja yake ni kuona kwamba kuna maisha huko mbele. Hayo hayahitaji picha hata moja ya utotoni mwako.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu sioni wengi wakiieleza. Video za Wamarekani ulizozitazama zina vita kubwa ya viwakilishi, yupi aitwe "he" na yupi "she", na watu hupoteza dakika nyingi wakijitetea juu ya neno moja. Kiswahili hakina vita hiyo. "Alikuja, akakaa, akasema": nani anajua kama ni mume au mke? Unaweza kusimulia utoto wako wote ukisema "nilipokuwa mtoto", "nilipokuwa mwanafunzi", "mjukuu wake bibi", na hakuna mahali sentensi itakulazimisha kujiita mvulana. Hiyo ni zawadi, itumie.

Sisi jinsia yetu tumeiweka kwenye undugu. Dada, kaka, shangazi, mjomba, wifi, shemeji. Tumeiweka pia kwenye vitenzi vya ndoa, maana mmoja anaoa na mwingine anaolewa. Hapo ndipo watu watakapokukubali au kukukataa, mara nyingi bila hata kujua wanafanya hivyo. Mtu atatoa maoni ya adabu kabisa halafu amalizie "kaka yangu", na moyo wako utashtuka. Kabla ya kuanza, amua utakavyojibu. Wanafunzi wangu wengine hujibu mara moja tu, kwa upole, "mimi ni dada yako", kisha wanaendelea na somo. Wengine hawajibu, wanaliondoa. Njia zote mbili ni halali, mradi uwe umeichagua siku ambayo hujaumizwa.

Halafu kuna neno shoga. Wewe ni mtoto wa Mombasa, najua umelisikia katika pande zake zote mbili. Kwetu Pwani mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga yangu", na hakuna neno tamu kuliko hilo kati ya wanawake wawili waliokaa kibarazani. Neno hilohilo limegeuzwa jiwe la kurushiwa wanaume. Litarushwa kwako, uwe na hakika. Lakini mteja wako wa saluni akikuita shoga yangu, amekuingiza ukumbini kwa wanawake. Kama ningekuwa wewe, ningetengeneza video moja nzima juu ya neno hilo tu, kwa sauti ya mtu wa Pwani anayelijua. Sijaona mtu anayefaa zaidi kuitengeneza.

Kuhusu jina la kujiita: magazeti huandika "aliyebadili jinsia", na msomaji husikia upasuaji. Wewe umetumia transijenda. Endelea nalo, lieleze mara moja kwa maneno yako mwenyewe, na usikubali kuulizwa habari za mwili wako kama malipo ya kusikilizwa. Swali la upasuaji litakuja kila wiki. Huna deni la kulijibu. Vilevile usitaje dawa wala vipimo vya homoni unazotumia. Kuna mtoto atakayeziiga bila daktari.

Rafiki yako wa pili, anayesema fiche uso, naye ana hoja, ila uso ni kipande kimoja tu cha utambulisho. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga video akionyesha mikono tu, uso hakuna. Mtazamaji akaandika jina la jengo analokaa: dirisha lilikuwa wazi, na nje lilionekana tangi la maji la rangi isiyo ya kawaida pamoja na ubao wa duka la dawa. Sauti yako kaka zako wanaijua. Adhana ya msikiti wa jirani na kondakta anayetaja stendi vinaweza kueleza mtaa. Ukitaka kutia ukungu kwenye uso au mandhari, itie wakati wa kuhariri kwenye simu au kompyuta yako, kabla ya kupakia, ili nakala safi isitoke mikononi mwako kamwe.

Pesa nazo hufichua watu kuliko kamera. Ukiweka namba yako ya M-Pesa ili watazamaji wakuchangie, yeyote atakayetuma hata shilingi 10 ataona jina ulilosajiliwa nalo. Namba ya biashara huonyesha jina la biashara, hiyo ni afadhali. YouTube hulipa matangazo baada ya wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Chaneli inaweza kuwa na jina lolote, lakini akaunti ya malipo hudai jina la kisheria, na barua yenye namba ya siri hutumwa kwenye anwani yako ya posta. Jina hilo watazamaji hawalioni, ila wewe andaa anwani ambayo si ya nyumbani na ambayo barua haitafunguliwa na mtu.

Mtego ambao wengi hawaujui ni huu. Mtu mbaya anaweza kulalamika kwa uongo kwamba video yako imeiba kazi yake. Video inaondolewa, nawe unaambiwa unaweza kupinga kwa kujaza fomu yenye jina lako la kisheria na anwani yako. Fomu hiyo hupelekwa kwa aliyelalamika. Mwaka 2019 YouTube yenyewe ilimshtaki mtu mmoja Marekani kwa kutumia malalamiko ya uongo kuwabana watengeneza video. Ikikutokea, usijaze fomu kwa haraka ya kuirudisha video; mwache wakili aijaze kwa niaba yako.

Usitegemee majukwaa yenyewe kuwa mlinzi. Machi 2017 ilibainika kwamba hali ya YouTube inayotumika shuleni na majumbani kuzuia video zisizofaa watoto ilikuwa ikizificha video za kawaida kabisa za watu transijenda na wenzao, hata zisizo na neno baya lolote. Kampuni ilikiri kosa, na mwezi uliofuata ikasema marekebisho yamefungulia video milioni 12 za kila aina. Januari 2025 wenye Facebook na Instagram walilegeza kanuni zao, wakaruhusu watu kama wewe kuitwa wagonjwa wa akili kwa misingi ya jinsia. Kanuni hubadilika na hakuna atakayekuuliza. Hifadhi nakala za video zako zote kwako.

Uchague njia gani, basi? Kuonyesha uso na kusema wazi wewe ni nani kutakupa uhuru mkubwa na watazamaji wanaokupenda wewe mwenyewe, lakini Nairobi ya leo kunaweza kukugharimu chumba na kazi wiki hiyohiyo. Kuonyesha uso ukifundisha vipodozi tu, bila kutaja historia yako, kunajenga jina la ufundi. Hatari yake ni kwamba yule anayekutisha anapata kitu kipya cha kukutishia kila unapokua. Kutumia mikono na sauti tu kunakulinda kiasi, ingawa chaneli yake hukua polepole. Kuna pia video zisizoorodheshwa, zinazofunguliwa na mwenye kiungo tu, lakini yeyote mwenye kiungo anaweza kukisambaza, kwa hiyo usiziite siri.

Ushauri wangu ni uanze na mikono na sauti, kwenye somo, kwa miezi kadhaa, huku suala la vitisho likishughulikiwa na wakili. Tengeneza video sita kabla ya kupakia hata moja. Video ya kwanza na ya pili zitakuwa mbaya, kama za sisi sote, na ni vizuri zisionwe na mtu. Piga mahali pasipo dirisha, taa moja pembeni, kitenge kimoja nyuma ambacho hukivai nje. Usimrekodi mteja bila ridhaa yake, tena ya maandishi: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Hukumu hiyo inakulinda na wewe pia, mtu mwingine akikufanyia hivyo. Fungua akaunti kwa barua pepe mpya na namba isiyo ya kila siku, weka uthibitishaji wa hatua mbili, zuia wengine kupakua video zako au kuziunganisha na zao pale inapowezekana, na uweke maoni yote yasubiri kupitiwa kabla ya kuonekana. Mwombe rafiki unayemwamini ayapitie yeye. Mtu hapaswi kusoma matusi dhidi yake mwenyewe saa sita za usiku.

Kama huwa unavuka mipaka ya nchi, lihesabu hilo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kukuza ushoga, na wanaoitekeleza hawajali tofauti kati yako na mwingine. Video iliyopigwa Nairobi inatazamwa Kampala. Kama una harusi ya binamu huko, au jamaa Tanga na Unguja unaowatembelea, ongea na wakili kuhusu safari kabla ya chaneli kukua.

Ukiona ujumbe wenye anwani yako, ukiona mtu amekusubiri nje ya saluni, au akaunti ikitekwa, usiandike kwanza mtandaoni. Ondoka mahali hapo, mpigie wakili au shirika, na kwa upande wa akaunti waandikie Access Now, wanatoa msaada wa usalama wa kidijitali bure saa 24. Na ukiona usingizi unapotea, huli, au unawaza kujidhuru, achana na chaneli yote, umtafute mshauri nasaha wa kukaa naye chumba kimoja siku hiyohiyo.

Mwisho, kaka zako. Umeandika kwamba wanaona tu huji nyumbani. Sikuambii uwaambie, wewe ndiye unayejua mioyo yao. Ila usikubali walijue kutoka kwenye simu ya mtu wa kijiweni. Muulize mama: kati ya hao wawili, nani angekaa asikilize? Inawezekana ni mmoja tu. Kabla video ya kwanza haijatoka, mwonyeshe mama kwenye simu yako, mkiwa wawili, umwache aitazame mpaka mwisho bila wewe kueleza kitu. Kisha mwulize kama kuna sehemu angependa uitoe.

Niandikie ukishaonana na wakili.